Pua ya Koplo

Pale Ng'ambo, Tabora, watu walificha samli walipomwona jirani yangu anakuja. Hakuwa mwizi wala mwombaji. Alikuwa na pua. Akisimama mbele ya kibuyu cha samli iliyotoka Nzega, alivua kofia, akaibana kwapani, akainama mpaka ndevu zikakaribia kuchovya, akavuta pumzi moja ndefu. Halafu akanyanyuka na kutoa hukumu mbele ya wateja wote: hii imechanganywa na ya mwaka jana, hii ilikaa karibu na moshi, ya huyu ng'ombe wake alikuwa mgonjwa. Mwenye samli akibisha, yeye hakubishana. Alivaa kofia na kwenda zake, na wateja wakamfuata.

Alikuwa amerudi kutoka vita vya Bama, vile vya Waingereza na Wajapani, akiwa na cheo cha koplo, na tangu siku aliyoshuka kwenye gari moshi hatukumwita kitu kingine. Mimi nilihamia mtaa ule nikiwa mke mgeni, msichana wa Sikonge niliyelelewa na Wamoravian, nimeolewa na fundi cherehani. Ukuta wa ua wetu na ua wake ulikuwa mmoja, na kwa miaka mingi sikupika kitu ambacho Koplo hakukijua kabla mume wangu hajarudi kazini. Asubuhi alinisalimia kwa kunitajia chakula cha jana. Angesema kwamba vitunguu vilikaa motoni kidogo mno, au kwamba nsansa zangu, yale majani ya kunde, zilikaushwa siku ya mawingu. Mwanzoni nililia. Baadaye nilizoea, na mwisho wake nikajikuta naonja mchuzi huku najiuliza Koplo atasemaje.

Buti za jeshini alizipiga rangi kila siku, hata siku ya kwenda kisimani. Makopo matupu ya ile rangi aliyaosha kwa majivu, akawekea viungo ndani yake: iliki, karafuu, mdalasini, bizari, kisibiti. Aliyapanga dirishani kwa kimo kama askari wa gwaride, na ole wake atakayelisogeza moja. Alikwenda madukani kwa Wahindi, kwa Waarabu, sokoni, hata stesheni gari la Kigoma linapoingia, kuona kama abiria wameshuka na samaki wazuri wa migebuka au chumvi ya Uvinza. Chumvi ya dukani hakuitaka. Alisema ni nyeupe mno, kitu cheupe namna ile kina jambo kinaficha.

Alikuwa na maneno yake. Duka lisilonuka, alisema, halina kitu. Pua ndiyo mlango wa mbele wa chakula, mdomo ni wa uani. Na neno alilolipenda kuliko yote ni kwamba jina hubandikwa na watu, bali harufu kitu huzaliwa nayo.

Ungedhani mtu huyo alikuwa mpishi. Koplo hakujua kupika hata kidogo. Hakuwa na subira; wali ukiwekwa motoni alifunua kifuniko kila mara kuusalimia, mpaka mvuke wote ukaisha na mchele ukabaki na kiini. Na huyo aliyelaumu moshi kwenye samli za watu alivuta tumbaku ya Sikonge iliyonuka hata sisi tuliozaliwa katikati ya mashamba yake tukakohoa. Mkewe, mama mmoja mpole wa Puge tuliyemwita Mama Paulina kwa jina la binti yao, alimfukuza jikoni kwa mwiko. Kazi yake ilikuwa kuleta, ya mkewe kupika. Ndoa yao ilisimama juu ya mpaka huo.

Hofu yake ilikuwa moja. Aliwahi kutusimulia Bama mpaka mitutu ikalia masikioni mwetu, lakini akimwona mama mkwe wake sokoni alijificha nyuma ya magunia. Kwa desturi yetu mkwe haangaliwi usoni, hilo linajulikana, ila Koplo aliliongezea. Yule mama alikuwa akija kutoka Puge kwa lori, mwembamba, mkali, na kibuyu cha samli kichwani. Yeye alikaa upande wa ua wangu, Koplo upande wake, ukuta katikati, na mimi nikafanywa posta. Koplo alinusa samli, akaniambia nimwambie mama kwamba anashukuru, ila ina moshi. Mama akaniambia nimwambie huyo baba kwamba Puge wanapika kwa kuni, na kama Bama wanapika kwa maua basi arudi Bama. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri. Hata hivyo ilinibidi nirudie maneno yote, neno kwa neno, kwa adabu.

Sasa nieleze mwaka alioumwa Mama Paulina, maana ndio mwaka nilipomjua Koplo hasa.

Ilikuwa homa ya matumbo. Alilazwa muda mrefu, akarudishwa nyumbani homa imekwisha lakini yeye mwenyewe karibu amekwisha. Daktari alisema dawa iliyobaki ni chakula. Chakula hakikupita. Nilimpelekea uji wa ulezi akageuza uso ukutani. Majirani walileta supu ya kuku, maziwa, matobolwa, vile viazi vikavu, laini yaliyochemshwa na asali. Aliangalia tu. Alisema hata akikumbuka chakula tumbo linafunga mlango. Mikono yake ikawa kama vijiti vya kuwashia moto, na alizungumza kwa sauti ambayo ilibidi umsogelee uisikie.

Mama yake akaja kutoka Puge. Safari hii hakukaa upande wangu wa ukuta. Aliingia chumbani kwa binti yake, na Koplo akahamia uani kulala, chini ya turubai lake la jeshi. Siku ya pili mama alinituma nimwambie Koplo kwamba lori linarudi Puge Jumamosi. Kama mwanawe atakuwa hajala kitu mpaka siku hiyo, atamchukua akafie kwao, asifie kwa watu wanaonusa.

Nilimfikishia, nikaacha lile la mwisho. Koplo akasema, "Hilo la kunusa nimelisikia." Njia ya Puge aliijua. Alijua lori linavyoruka kwenye makorongo, na alijua mtu mwenye hali ile hafiki.

Jioni ile alinisimulia jambo ambalo hakuwahi kulitia katika hadithi zake za vita. Alikuwa amelazwa hospitali ya jeshi huko Bara Hindi, amepigwa na homa, akakataa kula kama mkewe. Askari wa vitanda vya jirani walishaanza kuulizana nani atarithi buti zake. Mpishi mmoja wa Kihindi, mzee aliyekuwa akigawa chakula, alikasirika kurudishiwa sahani kila siku. Akampikia dengu peke yake. Kabla ya dengu alitia kwenye samli ya moto kipande kidogo cha kitu kama gundi, kitu kinachonuka vibaya kupita kiasi. Na kilipopata moto, ule uvundo ukageuka. Koplo alisema hajui kueleza uligeuka kuwa nini. Anachojua ni kwamba mate yalimjaa mdomoni, akala, akaomba tena.

Nikamuuliza kinaitwaje. Alidhani yule mpishi alikiita hini, au kitu kinachofanana na hini.

Asubuhi yake, Jumatano, alivaa buti akaenda madukani kutafuta hini. Mwenye duka la kwanza, mtu mwema, alimpimia hina. Koplo aliinusa, akaona haifanani, lakini akajisemea labda ni ule moto ndio utakaoibadilisha. Akaitia kwenye samli. Hakikubadilika kitu ila sufuria, na vidole vyake, vilivyokuwa sasa vyekundu kama vya bibi harusi. Mama mkwe wake, kupitia dirishani, aliviona. Aliniita akaniuliza, kwa utulivu sana, kama huyo baba anajiandaa kuoa mke mwingine na huyu hajafa bado.

Basi Koplo akaacha jina. Alisema jina limemdanganya na hatalitumia tena. Atatafuta kwa harufu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Aliingia duka baada ya duka, akiwa na vidole vyekundu, akiwaeleza wenye maduka kwamba anataka kile kitu chao kinachonuka kama soksi ya maiti. Mmoja alimwonyesha mlango. Mwingine alidhani ametumwa na mshindani wake. Wa tatu, Mwarabu mwenye subira, alimtolea kila alichokuwa nacho: papa mkavu, uwatu, vitunguu saumu vya zamani, ngozi ya mbuzi. Koplo alinusa vyote kwa heshima, akashukuru kwa kila kimoja, akatoka mikono mitupu. Ijumaa alikwenda mpaka stesheni kuwanusa abiria. Mkuu wa stesheni akamwomba aondoke.

Alirudi kwa mguu saa za adhuhuri, buti zimejaa vumbi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mimi nilikuwa mlangoni nampepea mwanangu Eliya aliyekuwa mchanga bado, anasumbuliwa na tumbo. Koplo alinipita. Halafu akarudi kinyumenyume. Akainama juu ya mtoto, akavuta pumzi, akapiga magoti chini kwenye mchanga, akavuta tena.

"Mama Eliya," aliniambia, "mtoto wako ananuka Bama."

Shingoni mwa Eliya palikuwa na kijifuko cheusi. Mama mkwe wangu, mtu wa pale pale Ng'ambo, ndiye aliyekifunga. Ndani kulikuwa na mvuje, ile gundi ya uvundo, kufukuza mashetani na upepo wa tumbo. Mimi nilikuwa namvua Jumapili nikienda kanisani na kumvika tukirudi, mchungaji asijue. Kila mama wa mtaa ule aliujua mvuje. Koplo alikuwa ametafuta kwenye vyakula siku tatu. Hakuna aliyewaza kutafuta shingoni mwa watoto.

Mama mkwe wangu alipotoka ndani akamkuta mwanamume mzima amepiga magoti anamnusa mjukuu wake, alirudi nyuma. Mvuje hufukuza pepo, alisema, sasa huyu anayevutwa nao ni kitu gani? Nikamweleza. Aliwaza kidogo, kisha akasema kwamba bibi anayeuza ubani na uvumba pembeni mwa soko anao mwingi. Koplo akashika kichwa. Bibi yule alikuwa akimpita kila siku ya Mungu, na kila siku alikuwa akimpa shikamoo huku ameziba pua.

Nilikwenda naye, kwa sababu nilihofu atakayoyasema. Bibi alimuuliza mgonjwa ana shetani wa namna gani, maana kuna wa kufukizwa na wa kufungiwa. Koplo alisimama wima akajibu, "Wa kutokula, shikamoo." Bibi akamfungia kipande katika jani la mgomba, akamwonya auchome mlangoni na asiupeleke karibu na chakula.

Alipika mwenyewe. Mimi nilijitolea, akakataa. Alisema hataki mtu mwingine alaumiwe. Samli ilikuwa moja tu nyumbani, ile ya Puge, yenye moshi. Akaiweka motoni, akatia mvuje, na kwa kuwa hakuwa na subira akatia kipande chote, na dengu juu yake.

Sitaeleza harufu ile. Ng'ambo kuna wazee watakaoikumbuka. Mbwa waliondoka. Mume wangu aliacha cherehani akatoka nje akidhani kuna kitu kimekufa darini. Na mama mkwe wa Koplo, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka ukuta ambao upande wa pili yupo mkwewe, alivuka. Aliingia jikoni moja kwa moja. Koplo aligeuka, wakatazamana uso kwa uso, kwa mara ya kwanza maishani mwao. Yeye alinyakua kifuniko cha sufuria akakiweka mbele ya uso wake. Mama akajifunika kanga kichwa kizima. Wakasimama hivyo, vipofu wote wawili, na dengu zinaanza kushika chini.

Nilisikia mlango wa chumba. Mama Paulina alikuwa amesimama, ameshika ukuta. Alikuwa hajasimama mwenyewe tangu alipotoka hospitali. Alikuja hatua kwa hatua, anapumzika, anakuja, mpaka akafika jikoni, akamtazama mumewe nyuma ya kifuniko na mama yake ndani ya kanga.

"Toeni sufuria motoni," alisema. "Mnaniunguzia nyumba."

Nikaitoa. Akaketi kwenye kigoda. Akanyoosha mkono, na Koplo akampa mwiko bila kushusha kifuniko. Akaagiza maji, akaagiza chumvi. Alikoroga polepole, akagomba kwa sauti ile ndogo: samli nyingi, moto mwingi, na hivi vidole vyekundu ni vya nini? Kisha, kama apikaye yeyote anavyofanya bila kufikiri, akadondoshea mchuzi kiganjani, akalamba.

Akasema chumvi haijakolea. Nikaongeza. Akalamba tena. Akakiangalia kile kiganja chake. Kisha akasema nimpe bakuli.

Hakula nyingi. Vijiko vichache, na mapumziko marefu katikati. Ila mama yake alishusha kanga taratibu akawa anaangalia kila kijiko kinavyokwenda, na Koplo alikuwa anachungulia pembeni mwa kifuniko, na machozi yalikuwa yanamtoka, ingawa baadaye alisema ni moshi wa samli ya Puge.

Jumamosi lori liliondoka na mama peke yake. Kabla ya kupanda alikuja upande wangu wa ukuta akanipa ujumbe wa mwisho. Nimwambie huyo baba kwamba amemwona, na si mbaya wa sura kama alivyodhani.

Miaka yote iliyofuata Koplo alisema ni dengu zilizomponya mkewe. Mama Paulina alisema ni hasira. Mimi nilikuwepo, na sijui.

Baadaye mume wangu alipata kazi ya kushona sare Sikonge, tukahamia kwetu, na Koplo nikawa namsikia kwa wapita njia tu. Nilikuja kumwona tena mwaka ule ambao watu walikuwa hawazungumzi kitu ila Uhuru. Nilikuwa nimekuja Tabora na bati la asali, nikakatiza sokoni, nikaona kofia naijua. Nywele chini yake zilikuwa nyeupe.

Alikuwa mbele ya kijana anayeuza mdalasini. Alichukua vijiti, akafumba macho, akavuta pumzi ile ile ndefu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akalipa. Mimi niliyesimama nyuma yake nilisikia harufu ya sabuni ya kufulia, wazi kabisa. Mdalasini ule ulikuwa umekaa boksi moja na miche ya sabuni.

Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa furaha, akanitajia watoto wangu wote. Tulipotoka sokoni nikamwambia, kwa kuwa sikujua namna ya kunyamaza. Alisimama. Alikiangalia kile kifurushi mkononi.

Aliniambia pua yake imeondoka. Homa ya mwaka uliopita iliichukua, na asubuhi moja akaamka hanusi kitu, hata tumbaku. Mama Paulina hajui, na hataki ajue, kwa sababu akijua ataacha kumtuma sokoni.

Nikamuuliza basi anachaguaje.

"Namtazama muuzaji," alisema. "Nikivuta pumzi, mwenye kitu kibovu hutafuta cha kushika. Huyu kijana sikumkamata kwa sababu naye hanusi. Asiyejua kwamba kitu chake kibovu hana sura ya kuficha."

Alisema atakitupa kabla ya kufika. Lakini Mama Paulina alikuwa barazani, mnene, mwenye afya, akatuona kutoka mbali. Alinikumbatia, na kwa mkono mwingine akatwaa kifurushi kwa mumewe. Akakipeleka puani. Akatabasamu, akaingia nacho jikoni.

Wali ulipokuwa motoni nyumba nzima ilinuka kama siku ya kufua. Koplo alikaa nami mkekani, ananitazama kila mara nimwambie kwa uso wangu hali ikoje. Sikuwa na uso wa kumpa. Chakula kikaja, Mama Paulina akatupakulia, akaketi, akala tonge la kwanza, akatafuna mpaka mwisho.

Koplo akamuuliza, mdalasini unasemaje?

"Tangu nizaliwe," alisema Mama Paulina, "sijapata kula mdalasini kama huu."

Koplo alimtazama. Alikuwa ameshaambiwa na mimi juu ya ile sabuni, na mkewe hakujua kwamba ameambiwa. Alimtazama muda mrefu, yule mama akiendelea kula bila kuinua macho, na niliona anaelewa, na niliona anajiuliza ni tangu lini mkewe anajua.

Kisha akajiweka sawa mkekani, akasafisha koo, akaanza kumsimulia jinsi alivyozunguka soko zima, alivyowakataa wauzaji wawili waliotaka kumdanganya, na jinsi alivyomjua huyu wa tatu kwa pumzi moja. Mama Paulina alimsikiliza, akamuuliza maswali mahali panapostahili. Halafu akanisogezea sahani.

"Kula, Mama Eliya," aliniambia. "Usije ukamvunja moyo."

Nikala.